Mtoki wa mtoto na mlinzi anayefumbwa macho: p53 ndani ya seli za kinga

Mpwa wangu wa miaka tisa alikatwa wayo na chaza kwenye mawe ya Tudor, Mombasa, siku za bamvua, maji yakiwa yamekupwa kabisa. Mamake akamsafisha, akamfunga kitambaa, mambo yakaonekana yamekwisha. Siku ya tatu mtoto akaanza kuchechemea upya, na safari hii hakushika mguu, alishika kinena. Mtoki ulikuwa umefura, mgumu, ukubwa wa kunazi.

Jioni ile tulikuwa kibarazani na mpwa wangu mwingine, dadake mkubwa, anayesomea maabara ya tiba na aliyekuwa nyumbani kwa likizo. Akanimiminia kahawa, kisha akaniuliza.

"Mjomba, tumefundishwa kwamba seli ikikatika DNA yake, protini ya p53 huisimamisha, na ikiwa haitengenezeki huiua. Sivyo?"

"Ndivyo, mwanangu."

"Sasa mle ndani ya mtoki wa huyu mtoto, seli B, zile za kinga zinazotengeneza kingamwili, zajikata DNA zenyewe, makusudi. Mbona p53 haiziui zote?"

Nimesomesha baiolojia sekondari miaka mingi hapa kisiwani, na maswali ninayoulizwa ni yale yanayotoka kwenye mtihani. Hili silo. Usiku ule nilimjibu nusunusu. Makala haya ndiyo nusu iliyobaki.

Kasha na fotokopi

Nianze na neno kunakili, maana hadithi yote imo humo. Ndani ya kiini cha seli mna DNA, ambayo ikinyooshwa hufika mita 2 hivi. Imeandikwa kwa herufi nne tu, na seti moja ina herufi kama bilioni 3. Humo mna jeni zipatazo 20,000 za kutengenezea protini. Maandishi haya hayatoki nje ya kiini hata siku moja.

Familia za Mji wa Kale wanalielewa jambo hili bila darasa. Hati ya nyumba, ile ya asili, hukaa ndani ya kasha la njumu, na ufunguo hukaa kwa bibi. Ukitumwa kwa wakili au benki hupewi hati, unapewa fotokopi. Fotokopi ikilowa mvua au ikisahauliwa ndani ya matatu, hakuna msiba. Seli nayo hutoa nakala ya jeni inayotakiwa, kwa herufi za RNA, na nakala hiyo ndiyo inayotoka nje ya kiini kwenda kusomwa na kugeuzwa protini. Mashine ya kunakili ni kimeng'enya kiitwacho RNA polimerasi.

Mashine ya fotokopi, lakini, haijui inanakili nini. Seli ya ini na seli ya damu nyeupe zina kasha lile lile lenye hati zile zile. Tofauti yao ni kurasa zipi zinatolewa nakala, lini, na mara ngapi. Wanaoamua ni protini nyingine. Baadhi hujishikiza kwenye DNA karibu na mwanzo wa jeni, zikaiita mashine au zikaifukuza. Baadhi hucheza na mkunjo wenyewe: DNA imezungushiwa vibonge vya protini viitwavyo histoni, kama uzi kwenye kibiringo, na ukurasa uliokazwa sana haunakiliki. Hao ndio mabibi wenye ufunguo.

Protini za kuzuia uvimbe nyingi, p53 ikiwemo, zimo katika kundi hili, au zinafanya kazi bega kwa bega nalo. Jina lao linapotosha kidogo. Mtu akisikia "kizuia uvimbe" hudhani ni askari anayezurura mwilini akiwinda saratani. Kumbe kazi yao ya kila siku ni kuamua nini kinakiliwe na nini kiachwe. Uvimbe kutokea ni dalili kwamba kazi hiyo ya kila siku imeharibika. Ukiliweka kichwani hilo, swali la mpwa wangu huanza kufunguka.

Jina lenye kosa

p53 iligunduliwa 1979 na timu kadhaa kwa wakati mmoja, Uingereza, Marekani na Ufaransa, ikiwa imekumbatiana na protini ya virusi vya nyani viitwavyo SV40. Ilipewa jina kwa uzito wake kama ulivyopimwa maabara, kilodaltoni 53. Kipimo kilizidi, uzito wake wa kweli ni kama 44. Jina likabaki na kosa lake. Kosa kubwa zaidi lilikuwa kuidhania: kwa miaka kumi wataalamu waliamini p53 inaleta saratani, kwa kuwa nakala za jeni walizokuwa wakizitumia zilikuwa zimekwisha haribika. Mwaka 1989 ndipo ilipobainika kwamba ile nzima huzuia. Mwaka 1992 David Lane, mmoja wa waliohusika na ugunduzi, akaiita mlinzi wa jenomu, yaani wa DNA yote ya seli, na jina hilo likashika. Karibu nusu ya saratani za binadamu hukutwa jeni hii imeharibika.

Katika seli iliyotulia, p53 hutengenezwa kila wakati na kuvunjwa kila wakati. Umri wake ni dakika 20 hivi. Anayeipeleka kuvunjwa ni protini nyingine, MDM2, ambayo huibandika alama ya kutupwa. DNA ikikatika, vimeng'enya vinavyohisi mkato, hasa ATM na ATR, huipachika p53 fosfeti, alama ndogo ya kemikali. MDM2 ikashindwa kuishika vizuri, na p53 ikajaa ndani ya kiini. Hapo hushikana nne nne, hutafuta kwenye DNA mfuatano wa herufi inaoutambua, hujikita hapo na kuita mashine ya kunakili.

Kurasa inazofungua ni nyingi. Ukurasa wa p21 husimamisha seli isigawanyike mpaka itengenezwe. Kurasa za PUMA na BAX huipeleka seli kujiua, na seli inayojiua hufanya hivyo kwa adabu, ikijikatakata vipande vidogo vinavyoliwa na jirani bila fujo. Halafu kuna ukurasa wa MDM2. Ndiyo: p53 inapoamka, mojawapo ya jeni inazoamuru zinakiliwe ni ya yule yule anayeiua. Kila ninapofika hapa darasani husimama kidogo, maana wanafunzi hudhani nimekosea ubao. Sijakosea. Mlinzi mkali hivi asiyejua kuzimika angeua mwili mzima.

Jirani yake mkongwe ni Rb, kizuia uvimbe kingine. Mwaka 1971 daktari wa Marekani, Alfred Knudson, alipitia kesi 48 za watoto wenye uvimbe wa retina ya jicho, na kwa hesabu tu, bila kuiona jeni yoyote, akakisia kwamba uvimbe huo hutokea pale nakala zote mbili za jeni moja, ya baba na ya mama, zinapoharibika. Jeni yenyewe, ndiyo ya Rb, ilikuja kupatikana 1986. (Kwa wazazi: mboni ya mtoto inayong'aa nyeupe kwenye picha iliyopigwa kwa mwanga wa kamera ni jambo la kupeleka hospitali mara moja, msingoje.) Rb haijishikizi kwenye DNA yenyewe. Humkalia E2F, protini inayoita mashine ya kunakili kwenye jeni za kugawanya seli, ikamnyima nafasi. Seli ikitaka kugawanyika, vimeng'enya fulani huitia Rb fosfeti, naye E2F akaponyoka. p21, ile iliyonakiliwa kwa amri ya p53, huvizima vimeng'enya hivyo. Basi p53 hufunga mlango wa mbali kwa kumtuma mtu wa kati, na Rb ndiye komeo.

Karakana iliyo ndani ya mtoki

Sasa turudi kinenani mwa mtoto. Mtoki ni tezi ya kinga, na wakati wa amani huigusi. Vijidudu vilivyoingia kwa chaza husombwa na maji ya mwili hadi kwenye tezi hiyo, na seli za kinga hukusanyika hapo kama watu kwenye kivuko cha Likoni asubuhi. Kwa haki ya mpwa wangu niseme kwamba siku ya tatu uvimbe ni msongamano tu. Ile kazi aliyoitaja huanza baadaye, wiki ya kwanza ikielekea kuisha. Hapo baadhi ya seli B huingia ndani ya vishada vidogo vinavyojengeka katikati ya tezi, nami nitaviita karakana.

Ndani ya karakana kinachotafutwa ni kingamwili bora. Seli B iliyoingia ina kingamwili inayoshika kijidudu kwa kubahatisha, kama kiatu cha mtumba kinachokaribia kukutosha. Ili kukiboresha, seli huwasha kimeng'enya kiitwacho AID, kilichogunduliwa 1999 katika maabara ya Tasuku Honjo huko Kyoto, Japani. AID huishika DNA ya jeni za kingamwili na kugeuza herufi C kuwa U, herufi ambayo haina haki ya kuwa kwenye DNA kabisa; ni ya RNA. Mafundi wa seli huja kurekebisha, wakarekebisha ovyo, na mara nyingine kukata uzi wote wawili. Matokeo ni makosa ya maandishi kwa kasi inayokaribia mara milioni moja ya kawaida.

Na angalia AID huingilia wapi. Haiwezi kuushambulia uzi wa DNA ulioshikana na mwenzake. Inahitaji uzi uliofunguliwa, na uzi hufunguliwa pale mashine ya kunakili inapopita. Yaani ni kule kutoa fotokopi kunakoiacha hati ya asili wazi kwa sekunde kadhaa, na mwenye wino akapitisha kalamu.

Seli hizi hugawanyika kila baada ya saa chache, mara nyingi kabla hata mikato haijatengenezwa. Baada ya kila raundi hujaribiwa: zile ambazo kingamwili yake imeshika zaidi hupewa idhini na seli T wasaidizi, seli nyingine za kinga, kuendelea, zilizobaki, ambazo ndizo nyingi, hufa. Halafu raundi nyingine.

Kwa seli ya ngozi au ya utumbo, nusu ya fujo hii ingetosha kuiamsha p53. Hapa p53 imenyamazishwa. Anayeinyamazisha ana jina: BCL6, naye ni bibi wa ufunguo wa aina ya kufunga. Mwaka 2004 Ryan Phan na Riccardo Dalla-Favera wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walionyesha kwamba BCL6 hujikita mwanzoni mwa jeni ya p53 yenyewe na kuizuia isinakiliwe. Hafungi mdomo wa mlinzi. Anahakikisha mlinzi hazaliwi. Hukalia pia p21, yule mtu wa kati, na ATR, mmoja wa wahisi mkato. Ukitazama orodha hiyo utaona ameikata kamba sehemu tatu: kengele, mlinzi na mtu wa kati.

Hilo ndilo jibu la swali. p53 haiziui seli B za karakana kwa sababu karakana imejengwa na mtu aliyeizima kwanza.

Nikamwambia mpwa wangu hivyo, naye hakuridhika, na alikuwa na haki. "Na nani anamzima huyo BCL6?"

Wapo watatu, na wawili wa kwanza hufanya kazi kwa kunakili. Seli T msaidizi ikiikubali seli B, huipa ishara inayowasha protini NF-kB, ambayo humnakilisha mwenzake IRF4, ambaye humfungia BCL6 kurasa zake. Seli inayochagua kuwa kiwanda cha kudumu cha kingamwili huwasha protini Blimp-1, naye humfunga BCL6. Na madhara yakizidi kipimo, ATM, aliyeachwa bila kufungwa, humtia BCL6 mwenyewe alama ya kuvunjwa. Kwa hiyo macho ya mlinzi yamefumbwa kwa kitambaa ambacho kina tundu moja.

Naomba msomaji aone kitu kimoja hapo. Blimp-1 naye amesajiliwa kama kizuia uvimbe; katika aina moja ya saratani za seli B hukutwa ameharibika. Hashughuliki na mkato wala na kuua mtu. Kazi yake ni kuiambia seli imalize ujana, iondoke karakana, ikatulie. Asipokuwepo, seli hubaki humo humo ikiendelea kujikata, na BCL6 akiendelea kukaa juu ya p53.

Malaria na taya la mtoto

Kwetu Pwani mambo haya hayakukaa vitabuni. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa Kampala, aliandika kuhusu watoto wenye uvimbe wa taya unaokua kwa kasi ya kutisha. Unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mwaka 1961 akafunga safari ya gari ya wiki nyingi, kutoka Uganda kuteremka hadi kusini mwa Afrika, akiuliza hospitali baada ya hospitali kama wameuona. Ramani aliyoichora ilifuata joto, mvua na mwinuko: nyanda za chini ndiyo, milima hapana. Ndiyo ramani ya mbu wa malaria. Huku Kenya maeneo mawili yanajitokeza, upande wa Ziwa na upande wa Pwani. Vipande vya uvimbe vilivyorushwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London ndivyo vilivyowawezesha Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr kuviona, mwaka 1964, virusi ambavyo leo vinaitwa Epstein-Barr.

Saratani ya Burkitt ni seli B ya karakana iliyopotea njia. AID ilitakiwa ikate jeni za kingamwili kwenye kromosomu ya 14. Ikateleza ikakata pia kwenye kromosomu ya 8, jirani na jeni ya MYC, na mafundi wakaunganisha ncha zisizo za ndugu. MYC ni jeni ya kuisukuma seli ikue na igawanyike. Sasa imepandikizwa mlangoni pa jeni ambayo seli B huinakili usiku na mchana. Hakuna herufi hata moja ya MYC iliyohitaji kubadilika; imehamishwa nyumba tu, kutoka kichochoro kitulivu hadi barabara kuu.

Kwa kawaida MYC iliyochachamaa humwamsha p53, na seli hufa. Ndiyo maana seli nyingi zenye ajali hii hazifiki kokote. Zinazofika ni zile ambazo p53 yake imevunjika, au kamba inayoifikia imekatwa, na kwenye uvimbe wa Burkitt hilo hukutwa mara nyingi.

Malaria inaingilia wapi? Vimelea vya falsiparamu vinavyomrudia mtoto mara kwa mara huacha karakana zake zikiwaka muda mrefu, AID ikiwa kazini. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waliwaondolea panya p53 kwenye seli B, kisha wakawaambukiza malaria ya panya. Saratani zilizotokea zilikuwa za seli B zilizokomaa, zenye kromosomu zilizohama kwa kazi ya AID. Vitu vitatu vimekutana meza moja: vimelea vinavyoiwasha karakana, kalamu inayoteleza, na mlinzi asiyekuwepo. Sijui mfano mwingine unaoonyesha vizuri zaidi kwa nini chandarua ni habari ya saratani pia, ingawa kwenye mabango ya zahanati huoni neno hilo.

Uvimbe wa Burkitt, niseme, huitikia vizuri dawa ukiwahiwa. Taya linalofura kwa siku chache, jino likalegea bila sababu, halingojwi mpaka mwisho wa mwezi.

Seli T: funguo mbili

Kwenye seli T hadithi inageuka kidogo. Seli hizi hazijikati DNA wakati wa vita, ila hulazimika kuongezeka upesi, na kuongezeka ni jambo ambalo p53 halipendi. Seli T ikiamka, jirani zake hulowana na ishara ya kemikali iitwayo interlukini 2, inayowaambia wote wagawanyike. Wangetii wote, tungekuwa na mitoki kila mahali kwa kila mkwaruzo. Kumbe seli iliyopata interlukini peke yake, bila kumwona adui wake kwa kipokezi chake, hubaki na p53 ya kutosha na hukwama. Ile iliyomwona adui hupunguza p53 upesi, ndipo huitikia. Yaani p53 hapa ni ufunguo wa pili, wa kumtenga aliyeitwa na aliyesikia kelele tu. Watafiti walipoilazimisha p53 ibaki juu, hata seli zilizomwona adui hazikuweza kuongezeka.

p53 pia huchagua seli T iwe ya aina gani. Husaidia kunakiliwa kwa Foxp3, jeni inayozifanya seli T kuwa wapoza ugomvi, na huibana STAT3, inayozisukuma kuwa wachochezi wa kufura kwa viungo. Panya wasio na p53 hupata ugonjwa wa viungo ulio mkali zaidi. Saratani haimo kabisa katika hadithi hiyo. Ni ukarani tu.

Makrofaji, seli za kinga zinazomeza vijidudu, nitazipitia mbio. Humo p53 na NF-kB, kiongozi wa jeni za mwasho (ule wekundu, joto na kufura kwa kidonda), hugombania wasaidizi wale wale wawili, p300 na CBP, wanaolegeza histoni ili ukurasa usomeke. Wasaidizi ni wachache, kwa hiyo mmoja akipata, mwingine hupungukiwa. Kwenye baadhi ya jeni za makrofaji ya binadamu, hata hivyo, wawili hao hushirikiana. Mwanafunzi anayetaka kanuni moja ya kukariri hapa ataumia.

Na mwaka 2003 kundi la Tadatsugu Taniguchi wa Tokyo lilionyesha kwamba interferoni, zile ishara zinazotolewa mwili ukivamiwa na virusi, huamuru jeni ya p53 inakiliwe zaidi. Seli iliyoingiliwa na virusi hujiandaa kujiua mapema kabla haijawa kiwanda cha adui. Virusi vinalijua hilo: virusi vya papiloma vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi hubeba protini moja ya kuvunja p53 na nyingine ya kuikamata Rb. Chanjo iliyoanza kutolewa kwa wasichana wa miaka 10 nchini Kenya Oktoba 2019 huzuia virusi hivyo visifike huko.

Ikaros na dawa ya zamani

Kuna karani mmoja ambaye ni wa seli za kinga hasa, anaitwa Ikaros. Panya wa maabara walioharibiwa jeni hii hukosa seli za kinga za aina ya B. Ikaros hufanya kazi pamoja na mashine kubwa ya kukaza DNA kwenye vibiringo, hivyo hufunga kurasa za utoto wa seli ili seli ikomae. Katika saratani ya damu ya watoto, hasa ile yenye kromosomu ya Philadelphia (kromosomu mbili zilizobadilishana vipande), Ikaros hukutwa amefutwa kwa wagonjwa wengi mno. Kizuia uvimbe, basi, bila ubishi.

Sasa sikiliza upande wa pili. Thalidomaidi, dawa ya usingizi iliyoondolewa sokoni mwaka 1961 baada ya watoto kuzaliwa na viungo pungufu, ilirudi miaka mingi baadaye, pamoja na ndugu yake lenalidomaidi, kutibu saratani ya uboho iitwayo mieloma. Ilifanya kazi, na hakuna aliyejua kwa nini. Mwaka 2014 ikajulikana: lenalidomaidi huigeuza mashine ya kuvunja protini ili imshike Ikaros na ndugu yake Aiolos, ikawavunja. Seli za mieloma zinawahitaji wawili hao, zikiwakosa, zinakufa. Na kwenye seli T, Ikaros ndiye aliyekuwa amekalia ukurasa wa interlukini 2. Akiondoka, seli T hunakili interlukini zaidi na kuamka.

Kwa mgonjwa wa mieloma, kuvunjwa kwa kizuia uvimbe ni tiba. Kwa mtoto mwenye saratani ya damu, kuvunjwa kwa yule yule ni sehemu ya ugonjwa. Anayeitaka orodha ya protini nzuri na mbaya, hapa pameharibika.

Na kisa cha mwisho, ambacho mpwa wangu alikipenda kuliko vyote. Mzee wa miaka 78 wa Marekani, mwenye saratani ya damu ya seli B, alitibiwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania kwa seli T zake mwenyewe, zilizotolewa, zikapandikizwa jeni ya kuitambua saratani, zikarudishwa. Kwa muda hazikufanya mengi. Kisha zikalipuka, saratani ikatoweka. Taarifa iliyochapishwa 2018 ilieleza kwamba wakati wa kilele, asilimia 94 ya seli hizo zilizaliwa na seli moja tu. Jeni iliyopandikizwa ilikuwa imetua, kwa bahati, katikati ya jeni ya TET2, kizuia uvimbe ambacho kazi yake ni kuondoa alama za kemikali zinazofunga kurasa za DNA. Nakala yake nyingine, mzee alikuwa nayo tangu awali ikiwa dhaifu. Nakala mbili zote, kama alivyohesabu Knudson kwenye macho ya watoto. Ila mara hii aliyeponyoka mlinzi alikuwa ndiye mponyaji, na seli zile hazikugeuka saratani.

"Mjomba, na zingegeuka?"

Hilo ndilo swali ambalo wanaotengeneza tiba hizi huliuliza kabla ya kila kitu kingine, na ndiyo maana wagonjwa hao hufuatiliwa kwa miaka mingi.

Mtoki wa mdogo wake ulinywea taratibu, wiki ya tatu hivi ukawa haushikiki tena kwa kidole. Karakana zilifungwa, BCL6 akavunjwa, seli zilizosalimika zikaenda zake, nyingine kwenye uboho kutoa kingamwili, nyingine kuzunguka kwenye damu zikiwa na p53 yake mahali pake. Mtoto hajui lolote. Bamvua iliyofuata alikuwa kwenye mawe yale yale, na viatu ameviacha juu ukutani.